Kinywa Kilichofungwa Kisiulize

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii tumeikariri tangu madarasa ya chini, tukaitolea maana katika mitihani, tukaitungia visa katika insha, kisha tukaisahau. Nathubutu kusema kwamba laiti tungaliishi kwa maana yake badala ya kuikariri tu, huenda makaburi ya Shakahola yangalikuwa machache kuliko yalivyokuwa.

Mwezi wa Aprili 2023, Wakenya walipigwa na butwaa habari zilipoanza kutoka katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wamehamia humo na wake zao, waume zao na watoto wao, wakajenga vibanda, wakajitenga na dunia na kukaa kumngoja Mwokozi wao kwa kufunga. Katika miezi iliyofuata, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwamo watoto, walinyongwa au kupigwa. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji, ugaidi na kuwatesa watoto. Waliyakana mashtaka hayo, na hukumu ni kazi ya mahakama, si yangu. Kana kwamba msiba huo haukutosha, mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti iyo hiyo.

Mengi yameandikwa juu ya mkasa huo. Wanasheria wamenena, makasisi na masheikh wamenena, na wanasiasa, kama ilivyo ada yao, wamenena kuliko wote. Mimi ni mwalimu wa isimu, na huenda msomaji akauliza mtaalamu wa lugha anatafuta nini katika jambo la polisi na makaburi. Jibu langu ni kwamba maisha ndani ya jumuiya za namna hii hujengwa kwa maneno kabla ya kujengwa kwa miti na makuti. Muumini hupokonywa lugha yake kwanza, ndipo apokonywe mali, jamaa, na mwishowe uhai. Kinywa kikishafungwa kisiulize, si kazi kubwa tena kukifunga kisile.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuwaondolee marehemu lawama ya ujinga, maana lawama hiyo hutufariji bure. Twasema, “Walikuwa wajinga, mimi nimesoma, hayatanipata.” Historia haikubaliani nasi. Tuangalie mambo ya Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo madirisha na milango yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Miongoni mwa viongozi wa jumuiya hiyo, iliyojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, alikuwamo Joseph Kibwetere, mtu aliyewahi kushughulika na usimamizi wa shule za Kikatoliki, na padri Dominic Kataribaabo, aliyesoma Marekani hadi akapata shahada ya uzamili. Elimu haikukosekana pale. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuitumia.

Watu hao huvutwa na nini basi? Huvutwa na mambo mema. Jim Jones, ambaye jina lake litadumu kwa ubaya, alianza kazi yake mjini Indianapolis, Marekani, katika miaka ya 1950, kwa kuwakusanya Weusi na Weupe chini ya paa moja wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa desturi. Mwaka 1961 aliteuliwa kuongoza tume ya haki za binadamu ya mji huo. Kanisa lake, Peoples Temple, liliwalisha wenye njaa na kuwatunza wazee. Bibi kizee Mweusi aliyetumikia watu maisha yake yote bila kuitwa “mama” na yeyote, aliingia humo akaitwa mama. Ni nani asiyelitamani jina hilo? Vivyo hivyo, huku kwetu, mtu aliyefiwa, aliyefutwa kazi, au aliyezunguka hospitali bila kupata nafuu, akikuta kundi linalomwita ndugu na kumpa mkono, hatakuwa mwepesi wa kulitilia shaka. Jumuiya za kutisha huanza kwa neno “ndugu”, nalo ni neno tamu.

Sasa tuingie ndani tuone maisha yalivyo. Nitaanza na Jones kwa sababu jumuiya yake iliacha kumbukumbu nyingi za sauti. Wapelelezi wa Marekani walikusanya kanda mamia kwa mamia zilizonaswa na wanajumuiya wenyewe, na kwa mwanaisimu hizo ni hazina ya huzuni.

Katikati ya miaka ya 1970, wafuasi hao walianza kufyeka msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini, ili kujenga makazi yaliyoitwa kwa jina la kiongozi wao, Jonestown. Kufikia mwaka 1978 waliishi humo watu wapatao 1,000, wengi wao Wamarekani Weusi. Waliamka mapema, wakalima mashamba, wakala chakula hafifu, na jioni wakahudhuria mikutano iliyochukua saa nyingi. Hati zao za kusafiria na fedha zao zilikuwa mikononi mwa uongozi. Barua zao zilisomwa kabla ya kutumwa. Vipaza sauti vilirusha sauti ya Jones mchana na usiku, akiwasomea habari za ulimwengu kwa tafsiri aliyoitaka yeye. Fikiria, msomaji, kijiji kizima ambacho habari zote za dunia huingia kwa mdomo wa mtu mmoja.

Lakini lililo kubwa zaidi ni majina. Wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Jones “Baba”. Mtoto aliyekuwa na baba mzazi kwenye banda la pili alifundishwa kwamba Baba ni yule mwenye kipaza sauti. Adhabu ya kazi ngumu chini ya usimamizi mkali iliitwa “Kikosi cha Kujifunza”. Usiku ambao king’ora kililia, watu wakakusanywa na kuambiwa kwamba adui amewazunguka, nao wakafanyishwa mazoezi ya kufa pamoja, uliitwa “Usiku Mweupe”. Na siku ya mwisho, tarehe 18 Novemba 1978, sumu ya sianidi iliyochanganywa na kinywaji chenye ladha ya matunda iliitwa “dawa”. Neno hilo limo katika kanda, kwa sauti ya Jones mwenyewe.

Wanafunzi wa shule za upili wanaijua tasfida. Tunawafundisha kwamba ni matumizi ya maneno ya staha mahali pa maneno makali: mtu huaga dunia, mama hujifungua, mgonjwa huenda haja. Tasfida hiyo ni adabu, kwa maana msemaji na msikilizaji wote wawili wanalijua jambo linalofunikwa, na wamekubaliana kulifunika. Mtoto akiambiwa babu ameaga dunia, haendi kumsubiri kituo cha basi. Tasfida ya Jonestown ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Ilifunika jambo ili msikilizaji asilijue, au akilijua akose neno la kulisemea. Mtu atalalamikaje dhidi ya “kujifunza”? Mama atamnyimaje mwanawe “dawa”? Kupinga, katika lugha ile, kulihitaji kwanza kuvunja kamusi ya Baba, na aliyethubutu kuivunja alijikuta peke yake.

Tugeukie Kanungu, ambako mambo yalikwenda mbele zaidi ya hapo: lugha yenyewe ilizimwa. Wafuasi waliishi pamoja, wakalima pamoja, wakasali kwa saa nyingi, wakavaa sare ambazo rangi zake zilionyesha cheo cha kila mmoja. Mume alitengwa na mke, na wazazi wakatengwa na watoto. Kisha wakaagizwa kuacha kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara za mikono, na vinywa vyao vikabakia kwa sala na nyimbo. Sababu waliyopewa ilikuwa ya kiuchamungu: asiyesema hawezi kuvunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Ni hoja yenye sura ya utakatifu. Lakini tuitazame kwa jicho la mwanaisimu. Kwa ishara chache za mikono mtu anaweza kuomba maji, kuomba jembe, kusema ndiyo na kusema hapana. Je, anaweza kuuliza fedha za shamba alilouza ziliwekwa wapi? Anaweza kumnong’onezea jirani kwamba utabiri wa mwaka jana haukutimia? Wanajumuiya hawakuwa viziwi wenye lugha ya ishara iliyokamilika, ambayo huweza kusema kila kitu; walikuwa watu wenye ndimi zao, waliopunguziwa usemi ukawa wa kiasi cha kutii tu.

Hata hivyo, swali halifi kwa urahisi. Viongozi walikuwa wametabiri kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Jua la Januari lilipochomoza, watu waliokuwa wameuza mashamba na mifugo wakaanza kudai mali zao, na kimya cha miaka kikapasuka. Hazikupita wiki nyingi ndipo ulipotokea ule moto wa Machi. Baadaye miili mingine mamia ilifukuliwa kutoka mashimo yaliyokuwa chini ya nyumba na mashamba ya jumuiya hiyo katika sehemu mbalimbali za Uganda. Hakuna kiongozi wake hata mmoja aliyewahi kufikishwa mahakamani. Watafiti wengi wameyahusisha mauaji hayo na madai yale ya mali, nami sioni maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Uongozi uliozoea kimya haukuwa na jibu jingine kwa swali.

Na Shakahola? Huko nako mambo yalianza kwa majina. Msitu uligawanywa katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia, kama vile Yudea, Nazareti na Bethlehemu, hata mtu aliyetoka Malindi, Nairobi au magharibi mwa Kenya akajiona amehamia nchi takatifu, ilhali yumo katika vichaka vya Chakama. Shule iliitwa mambo ya shetani, hospitali ikaitwa vivyo hivyo, na vitambulisho vya Serikali vikaitwa alama ya mnyama. Ukimwondolea mtu shule, hospitali na Serikali, umemwondolea wote atakaowauliza. Anabaki na mmoja tu, yule yule aliyemtenga.

Hapa naomba nichukue neno moja la Kiswahili, neno ambalo ndilo lililowaua watu wale, nalo ni “kufunga”. Twafunga saumu, twafunga mlango, twafunga ng’ombe kamba, na hakimu humfunga mwizi. Kila mwanafunzi aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi anajua kwamba kitenzi hiki kina kauli ya kutendua, yaani kufungua. Kwa hekima ya lugha yetu, kufunga na kufungua huenda sanjari. Mwislamu hufunga mwezi wa Ramadhani akijua kwamba jua likitua atafungua. Tena mgonjwa na msafiri wameruhusiwa wasifunge, walipe siku nyingine. Mkristo hufunga Kwaresima akijua kwamba Pasaka inakuja. Hata mlo wa asubuhi tumeuita kifungua kinywa, kwa kuwa usiku mzima kinywa kilikuwa kimefungwa. Na mama anayezaa twasema amejifungua. Saumu isiyo na saa ya kufungua haina jina katika dini tunazozijua. Sarufi, hata hivyo, inayo kauli nyingine ya kuieleza, nayo ni kauli ya kutendwa: yule hafungi tena, amefungwa.

Katika mihadhara yangu huwa nawapa wanafunzi nakala ya maneno ya kanda ya mwisho ya Jonestown, kanda ya dakika zipatazo 44, ili wachambue usemi wake. Swali la kwanza huwa lile lile kila mwaka: “Mwalimu, kwa nini hawakukataa?” Nami huwaelekeza waisome tena, kwa sababu yumo aliyekataa.

Jina lake lilikuwa Christine Miller, mwanamke Mweusi wa umri wa miaka ipatayo 60. Wakati Jones anawaambia watu kwamba muda wa kufa umefika, mama huyu alisimama mbele ya kipaza sauti akauliza kama haikuwezekana tena kuhamia Urusi, nchi ambayo jumuiya ilikuwa imezungumzia kwenda, hata baadhi yao wakajifunza Kirusi. Alisema kwamba panapo uhai pana tumaini. Alisema kwamba watoto wale walistahili kuishi. Alisema hayo kwa adabu, bila matusi, kama mtu anayeamini kwamba hoja hujibiwa kwa hoja. Jones alimjibu kwa maneno laini. Waliomzomea ni wenzake, watu aliolima nao na kula nao. Mmoja baada ya mwingine walimkemea, wakamkumbusha fadhila za Baba, mpaka sauti yake ikazama. Watoto wakaanza kupewa sumu kabla ya wakubwa. Siku hiyo walikufa watu 918, wakiwamo mbunge wa Marekani Leo Ryan na wengine wanne waliopigwa risasi kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichokuwa karibu. Zaidi ya 300 miongoni mwa waliokufa walikuwa watoto. Jones mwenyewe hakunywa “dawa” yake. Alikutwa amekufa kwa risasi.

Nawauliza wanafunzi wangu: je, walinzi wenye bunduki ndio walioizima sauti ya mama yule? Bunduki zilikuwapo, hilo halikanushiki. Lakini kilichotangulia ni umma uliosahau namna ya kusikiliza swali. Kwa miaka mingi walifundishwa kwamba anayeuliza ni msaliti, na siku swali lilipokuwa ndilo mlango pekee wa kutokea, waliufunga kwa mikono yao wenyewe. Wangalisimama kumi pamoja na Christine Miller, hatujui yangalikuwaje. Alisimama mmoja.

Mtu atanipinga aseme: “Mwalimu, wewe wataka kuharibu dini. Imani ni utii; utawa ni kunyamaza; tangu lini muumini akamhoji kiongozi wake wa kiroho?” Pingamizi hili ni la haki, na linastahili jibu la haki. Sina ugomvi na watu wanaoishi pamoja kwa ajili ya Mungu. Kule Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto wameishi maisha ya pamoja tangu zama za ukoloni wa Kijerumani. Hawana mali binafsi, hutii abati wao, na hutunza saa za kimya. Kwa juu juu mtu angesema hakuna tofauti na Kanungu. Lakini kanuni wanayoifuata, iliyoandikwa katika karne ya 6, inaagiza mambo mawili yaliyo kinyume kabisa na Kanungu. Kwanza, mgeni asipokewe kwa urahisi: asubirishwe mlangoni, asomewe kanuni nzima mara tatu katika muda wa mwaka mmoja, na aambiwe wazi kwamba kama haiwezi yu huru kwenda zake. Pili, panapokuwa na jambo zito, abati awaite watawa wote na kusikiliza shauri lao, hata la wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Huo ndio utii wenye mlango.

Basi nionavyo mimi, zipo alama tatu za kuipimia jumuiya yoyote ya kiroho, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu, au ya imani nyingine yoyote. Ya kwanza ni swali: anayeuliza hupewa jibu, au hupewa adhabu na jina baya? Ya pili ni kutendua: aliyeingia aweza kutoka, na aliyetoa mali, au aliyeachana na mkewe na wazazi wake, aweza kurudi kwao bila kuwindwa? Ya tatu ni maneno: mambo huitwa kwa majina yake, au njaa imeitwa baraka, kipigo kimeitwa mafundisho, na sumu imeitwa dawa? Jumuiya inayopita mitihani hii mitatu hatuna sababu ya kuiogopa, hata kama desturi zake ni ngeni kwetu. Inayoanguka katika yote, tusingoje makaburi.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya yote haya ni sheria. Baada ya Shakahola, mwezi wa Mei 2023, Rais aliteua jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuchunguza namna ya kusimamia mashirika ya dini, na Seneti nayo ikafanya uchunguzi wake. Sheria inahitajika, wala sibishi. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa kuabudu; lakini kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, lishe, makazi na matibabu, na hakuna mahubiri yanayoweza kuifuta haki hiyo. Hata hivyo tusijidanganye. Jumuiya ya Kanungu ilikuwa imesajiliwa kisheria. Mackenzie naye alijulikana na wakuu, kwa kuwa alikuwa amekamatwa mwaka 2017 kwa sababu za watoto kuzuiwa kwenda shule. Cheti cha usajili huonyesha jina la kundi na sanduku lake la posta. Hakionyeshi kama ndani yake watu wanaruhusiwa kuuliza.

Ndiyo sababu nimewaelekezea walimu makala haya. Mtaala wa Umilisi umeutaja uwazaji kina miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Ni maneno mazuri. Lakini tuingie katika madarasa yetu tuone. Mara ngapi mwanafunzi aliyeuliza swali la pili ameambiwa asipoteze wakati kwa kuwa halitatoka katika mtihani? Mara ngapi darasa zima limemcheka aliyeuliza, na mwalimu akacheka pamoja nao? Na sisi wa vyuo vikuu tusijione bora, kwani wapo wahadhiri ambao kupingwa na mwanafunzi ni sawa na kutukanwa. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka kumi na miwili kwamba usalama wake umo katika kunyamaza na kukubali, ameandaliwa barabara kwa ajili ya yeyote atakayekuja na kipaza sauti. Wale waliomzomea Christine Miller hawakuzaliwa wakizomea.

Napendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha za Wizara. Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha tasfida na sajili ya dini, asiishie kwenye orodha ya mifano. Awaulize wanafunzi ni lini neno la staha hugeuka kuwa pazia la uovu. Anapofundisha methali, asizisomeshe kama amri. “Mvumilivu hula mbivu” na “mtaka cha mvunguni sharti ainame” ni methali zenye hekima, lakini ndizo hasa anazozipenda mtu anayetaka kuwainamisha wengine. Ziwekwe mezani pamoja na “kuuliza si ujinga” na “mficha maradhi kifo humuumbua”, wanafunzi wabishane, kila mmoja atoe sababu. Mwalimu wa dini naye akiulizwa jambo asilolijua aseme hajui, kisha watafute pamoja. Heshima yake haitapungua, na mwanafunzi atakuwa ameonyeshwa kwamba hata mkubwa huweza kukosa jibu bila mbingu kuanguka.

Lipo jambo jingine ambalo mwalimu peke yake ndiye aliyewekwa mahali pa kuliona. Kabla ya habari kufika kwa polisi na kwa magazeti, huwapo dawati tupu. Mtoto aliyekuwa akija shuleni haji tena, dada yake naye haji, na majirani wanasema familia imeuza kila kitu ikahamia kusikojulikana, au kwamba baba hataki tena mambo ya shule. Mwalimu asiandike “hayupo” kwenye rejesta kisha akafunga daftari. Aulize, amwendee mwalimu mkuu, chifu na afisa wa watoto, na asipopata jibu aulize tena. Katika jambo hili, mwalimu msumbufu ni bora kuliko mwalimu mpole.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaokwenda vyuoni mara ya kwanza, mbali na nyumbani, mkiwa na upweke na hofu ya masomo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wapo wanaomtafuta kwa kamba hiyo. Mkikutana na kundi linalowapenda ghafla kuliko linavyowajua, msilikimbie kwa kulidhania baya, liulizeni. Ulizeni fedha zinakwenda wapi, aliyeondoka mwaka jana anasemwaje, na kwa nini msiwaambie wazazi wenu. Watu wema watawajibu, hata kama swali limewachoma. Watakaokasirika watakuwa wamewajibu pia.

Mwisho, nawakumbusha wenzangu wanaoshika chaki kwamba, kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa, huko Shakahola watoto walipangiwa kuanza kufunga kabla ya watu wazima, kama vile Jonestown walivyotangulizwa kunywa. Mtoto hana nguvu ya kukimbia, wala hana mali ya kudai. Silaha aliyo nayo ni neno moja, “Kwa nini?”, nalo huja nalo shuleni siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba anamaliza masomo akiwa nalo bado.